Amejifungua au Amezalishwa?

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Wahenga walinena hayo, wala hajatokea wa kuwapinga. Lakini lugha yetu hii ina funzo jingine juu ya uzazi, nasi twalipita kila siku bila ya kulitia maanani. Mwanamke akizaa, mtu wa adabu husema: fulani amejifungua. Litazame neno hilo lilivyoundwa. Anayefungua ni yeye, na kinachofunguliwa ni chake. Mkunga, daktari, mume na jamaa wote wamekaa kando, wakingoja na kusaidia. Mwenye kazi ni mama.

Sasa sikiliza maneno tunayorudi nayo kutoka hospitali. "Amezalishwa saa nane za usiku." Hapo mama hafanyi tena, anafanyiwa. Mara nyingine husemwa: "Amepasuliwa." Jamaa humshukuru Mungu kwamba mama na mtoto wako salama, mtoto akaadhiniwa sikioni, chai ikapikwa, na asitokee hata mmoja wa kuuliza: alipasuliwa kwa sababu gani? Na yule aliyezaa sakafuni kwa kukosa mtu wa kumtazama, naye tumwambieje? Amejifungua, au ametelekezwa?

Ndugu msomaji, makala haya yamekaa baina ya maneno hayo. Nataka tuzungumze juu ya yale ambayo mkono wa mganga humfanyia mwanamke mwenye uchungu: dripu, sindano, makasi na kisu. Tuangalie kwa nini wanawake wawili wa hali moja, wenye mimba zilizotimia na zisizo na kasoro, waweza kufanyiwa mambo yaliyo mbali kama ardhi na mbingu, kwa sababu tu mmoja aliingia mlango huu na wa pili akaingia mlango ule.

KITALE NA BUNGOMA ZATUHUSU NINI?

Nimechagua Kitale na Bungoma kwa makusudi. Msomaji wa Mombasa, Malindi au Lamu aweza kusema: huko ni bara, kwatuhusu nini? Kwatuhusu sana. Reli itokayo Kilindini hupita Bungoma kabla ya kufika Malaba, na malori yetu hufuata njia hiyo hiyo. Misikiti iko huko, na jamaa zetu wako. Vijana wa Pwani wameoa huko, na binti zetu wameolewa au wamepelekwa huko kikazi. Uchungu hauna makao; humkamata mtu alipo.

Tena njia ile ni kama somo lililoandikwa ubaoni. Ukitoka Kitale, makao makuu ya Trans Nzoia, unashuka kupitia Kiminini mpaka Webuye, kisha unaelekea Bungoma, Mlima Elgon ukiwa upande wako wa kulia. Katika safari hiyo ya saa chache utapita milango ya kila namna. Iko hospitali kubwa ya kaunti huku Kitale, ambayo hupokea pia wagonjwa kutoka Pokot Magharibi na Turkana, na iko nyingine huko Bungoma. Ziko hospitali za misheni, kama ile ya Lugulu ya Waquaker, karibu na Webuye. Ziko hospitali za watu binafsi mijini, zenye mapazia safi na risiti ndefu. Na mitelemkoni mwa mlima ziko zahanati na vituo vya afya ambako muuguzi mmoja huwa ndiye mkunga, ndiye mwuza dawa, na ndiye mlinzi wa ufunguo.

Serikali ya Kenya imezipanga nyumba hizi kwa daraja. Zahanati ni daraja la pili, kituo cha afya ni la tatu, hospitali ndogo ni la nne, ile kubwa ya kaunti ni la tano, na hospitali kuu za taifa ni la sita. Zahanati hutazamiwa kumzalisha mama asiye na matatizo, na kumpa sindano ya kwanza na kumpeleka mbele aliye na matatizo. Chumba cha upasuaji na damu ya kuongezwa ni mambo ya daraja la nne na kwenda juu. Karatasini mpango ni mzuri. Lakini mwanamke mwenye uchungu hazai karatasini. Huzaa usiku, mvua ikinyesha, pikipiki ikiwa ndiyo ambalensi yake.

MKONO WA MGANGA UNAFANYA NINI?

Kabla hatujalaumu wala kusifu, tujue tunazungumzia nini. Kuna dawa ya kuanzisha uchungu, apewayo mama ambaye siku zake zimepita au ambaye ugonjwa wamlazimu azae mapema, kama vile presha iliyopanda. Kuna dripu ya kuongeza uchungu uliolegea. Kuna kuvunja chupa, ili maji yatoke na kichwa cha mtoto kishuke. Kuna kuongezwa njia, yaani kukatwa kwa makasi mahali pa kutokea mtoto. Kuna kuvutwa mtoto kwa kikombe kinachonyonya kichwani. Na mwisho kuna kupasuliwa tumbo.

Hakuna hata moja katika hayo lililo ovu kwa asili yake. Kila moja limeokoa roho zisizo na hesabu. Lakini kila moja ni dawa, na dawa huwa na kipimo na sababu. Dripu ya uchungu ikipewa kwa haki humwondoa mama katika mateso ya siku mbili. Ikifunguliwa kupita kiasi, bila ya mtu wa kukaa na kusikiliza moyo wa mtoto, yaweza kumnyima mtoto hewa, na hata kulipasua tumbo la uzazi. Dawa ni ile ile. Tofauti ni jicho linaloitazama.

Tatizo, basi, huwa mara mbili. Mlango mmoja humfanyia mama mambo mengi kabla ya wakati wake. Mlango wa pili humfanyia machache, na baada ya wakati kupita. Wataalamu wa dunia waliyaandika mambo hayo mawili pamoja mwaka 2016 katika jarida la Lancet, wakionyesha kwamba siku hizi hayagawanyiki tena baina ya nchi tajiri na nchi maskini. Hukutana ndani ya nchi moja, na mara nyingine ndani ya mji mmoja.

KARATASI ILIYOZALIWA AFRIKA

Watu wengi hudhani kwamba elimu ya kumtazama mwanamke mwenye uchungu yote ililetwa na meli kutoka Ulaya. Si kweli yote. Mwaka 1972 madaktari wawili, Philpott na Castle, waliokuwa wakifanya kazi katika Hospitali ya Harari mjini Salisbury, ambao leo ni Harare, walitoa karatasi yenye mistari miwili. Mkunga hupima njia ya mama na kutia alama kila baada ya saa kadhaa. Mstari wa kwanza ni wa kutahadhari: njia isipofunguka kiasi cha sentimita moja kwa saa, alama huuvuka mstari, na mkunga hujua kwamba sasa ni wakati wa kumpeleka mama hospitali kubwa. Mstari wa pili uko mbele kwa saa nne. Alama ikifika hapo, daktari aamue.

Tazama hekima yake. Karatasi ile haikuundwa kwa ajili ya hospitali kubwa peke yake. Iliundwa kwa ajili ya mkunga aliye mbali, ili asikae na mama mpaka akachelewa, wala asimkimbize safarini bila ya sababu. Mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani lilitangaza matokeo ya kuijaribu kwa wanawake zaidi ya 35,000 huko Indonesia, Malaysia na Thailand, ikaonekana kwamba uchungu wa muda mrefu ulipungua. Kalamu na karatasi zilifanya kazi ambayo mashine hazikuifanya.

Lakini karatasi haimwangalii mtu. Mtu ndiye aiangaliaye. Muuguzi mmoja akiwa na wazazi kumi usiku mmoja, karatasi hujazwa asubuhi, mama akiwa amekwisha kuzaa, ili mkubwa wa zamu aridhike. Hapo mistari ya Harare huwa mapambo.

Kwa upande wa pili, saa nayo yaweza kugeuka fimbo. Huko Dublin, Ireland, tangu mwaka 1969 Daktari O'Driscoll alifundisha kwamba uchungu uharakishwe kwa kuvunja chupa na kutia dripu, ili mzazi wa mara ya kwanza asipitishe muda uliowekwa. Yeye aliambatanisha na sharti kubwa: kila mama awe na mkunga wake, asiyeondoka kando yake. Walioiga mahali pengi duniani wakachukua dripu, wakamwacha mkunga.

Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mpya. Likasema kwamba sentimita moja kwa saa ni mwendo wa haraka mno kwa wanawake wengi, na kwa hivyo isitumike peke yake kuwa hoja ya kutia dripu au kupasua. Likasema uchungu wenyewe uhesabiwe tangu njia imefunguka sentimita tano. Likasema mama aachwe atembee, achague namna ya kukaa wakati wa kusukuma, ale na anywe ikiwa hana hatari, na awe na mwenzake amtakaye kando yake. Kunyolewa, kupigwa bomba la tumbo, na kukatwa makasi kila mzazi kama desturi, yote hayo likayakataa.

Bibi zetu wa Mji wa Kale wangelisikia hayo wangelicheka. Mkunga wa jadi alimtembeza mzazi ukumbini, akamnywesha uji na chai ya tangawizi, akamshika kiuno, akamwimbia. Na sisi tuliojifunza chuoni twakumbuka kisa cha Bibi Maryamu, alipojiwa na uchungu peke yake chini ya mtende: Mola wake alimtuliza moyo, akampa maji ya kunywa na tende mbivu za kula. Lakini tusijidanganye kwa kuwasifu wakunga wa kale kupita kiasi. Damu ilipomwagika, bibi hakuwa na kitu mkononi isipokuwa dua. Makaburi ya wazazi wachanga yapo katika kila mji wetu wa Pwani, nayo hayasemi uongo.

HUKUMU YA BUNGOMA

Sasa tufike Bungoma, mahali ambapo mambo haya yalifikishwa mbele ya sheria. Tarehe 1 Juni 2013 Serikali ya Kenya ilitangaza kwamba uzazi katika hospitali za umma ni bure. Wanawake walimiminika. Vitanda havikuongezeka siku ile, wala wauguzi.

Mwezi wa Agosti mwaka huo huo mwanamke mmoja aliingia Hospitali ya Wilaya ya Bungoma, kama ilivyokuwa ikiitwa wakati huo. Sitalitaja jina lake. Ameteseka vya kutosha. Alipewa dawa ya kuanzisha uchungu. Pamoja na kutangazwa bure, alitakiwa kununua vifaa na dawa mwenyewe. Kisha akaambiwa kwamba uchungu ukimzidi, atembee mwenyewe mpaka chumba cha kuzalia. Ulipomzidi, alitembea. Chumba kilikuwa kimejaa. Alianguka njiani, akapoteza fahamu, na mtoto akatokea sakafuni. Alipozinduka alikuta anatukanwa na kupigwa makofi na wauguzi kwa kuchafua sakafu, akaamrishwa ainuke na arudi kwa miguu yake chumbani. Mtu mmoja aliyekuwapo aliyapiga picha mambo hayo kwa siri, na nchi nzima ikayaona.

Mwaka 2014 kesi ilifunguliwa katika Mahakama Kuu ya Bungoma, na tarehe 22 Machi 2018 Jaji Abida Ali-Aroni akatoa hukumu. Alisema kwamba haki za mama yule, haki ya heshima, haki ya afya, na haki ya kutotendewa ukatili, zilivunjwa. Aliamuru alipwe shilingi milioni mbili na nusu, na aombwe radhi. Wala lawama hakuwatupia wauguzi peke yao. Serikali ya taifa na ya kaunti zote zililaumiwa, kwa kutangaza huduma bila ya kuweka mipango, fedha na usimamizi wa kuibeba.

Wengi walipoisoma habari ile walishika yale makofi, na haki yao. Lakini mimi nakuomba, ndugu msomaji, urudi nyuma kidogo uangalie ile dawa. Mama yule hakuachwa bila ya kutibiwa. Alitibiwa! Uchungu wake ulianzishwa kwa mkono wa mganga. Kisha mkono ule ukaondoka. Haya ndiyo yaliyo mabaya kuliko yote: kuwasha moto jikoni kisha ukatoka ukafunga mlango. Anayeanzisha uchungu wa mtu amefunga naye ahadi ya kukaa naye mpaka mwisho. Hospitali isiyo na mtu wa kukaa, haina haki ya kuanzisha, ila pale ambapo kungoja kuna hatari kubwa zaidi.

Wala isidhaniwe kwamba Bungoma ilikuwa peke yake. Utafiti wa mradi ulioitwa Heshima, uliofanywa katika hospitali na vituo 13 vya Kenya na kuchapishwa mwaka 2015, uliwauliza wanawake 641 waliokuwa wanatoka wodini. Mmoja katika kila watano alisema kwamba alivunjiwa heshima kwa namna moja au nyingine. Bungoma ilipigwa picha tu.

KISU: KINGI HUKU, KICHACHE KULE

Tuje kwenye kisu. Habari yake katika nchi hizi ni ya zamani kuliko wengi wanavyojua. Mwaka 1879, huko Bunyoro, ng'ambo ya Mlima Elgon katika nchi ambayo leo ni Uganda, kijana Mwingereza aliyekuwa akisomea uganga, Robert Felkin, alishuhudia mganga wa kienyeji akimpasua mwanamke aliyeshindwa kuzaa. Mama alinyweshwa pombe ya ndizi ili apungukiwe na maumivu, na pombe hiyo hiyo ikaoshea mikono na tumbo. Damu ilizuiwa kwa chuma cha moto, kidonda kikafungwa kwa pini za chuma na kamba, kikapakwa dawa ya mizizi. Felkin aliandika mwaka 1884 kwamba siku kumi na moja baadaye kidonda kilikuwa kimepona. Kwa hivyo asije mtu akatuambia kwamba kupasuliwa ni kitu cha kizungu, au kwamba aliyepasuliwa "hakuzaa". Maneno hayo nimeyasikia katika baraza za wanawake wetu, nayo ni ya ukatili. Mama aliyelala mezani akakatwa ili mtoto aishi amezaa, na uchungu wake Mungu anaujua.

Lakini hesabu nazo zatuambia jambo. Katika uchunguzi wa taifa wa mwaka 2014, kina mama 9 hivi katika kila 100 wa Kenya walizaa kwa kupasuliwa. Katika uchunguzi wa mwaka 2022 walikuwa 17 hivi. Imekaribia kuwa maradufu kwa miaka minane. Katika muda huo huo waliozaa mbele ya mtu mwenye ujuzi walipanda kutoka 62 hadi 89 katika kila 100. Hilo la pili ni la kushangilia. La kwanza ni la kushangilia na kuuliza pia.

Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 1985, baada ya mkutano wa Fortaleza huko Brazili, kwamba hakuna eneo lenye sababu ya kupita 10 au 15 katika kila 100. Mwaka 2015 likasema tena kwamba, kwa nchi nzima, kupita 10 katika 100 hakuonekani kuokoa roho zaidi. Likaongeza neno la busara: kazi si kuifuata hesabu, ila ni kuhakikisha kwamba kila mwanamke anayehitaji kupasuliwa anapasuliwa.

Hapo ndipo wastani wa taifa unapotudanganya. Kumi na saba katika mia si kumi na saba kila mahali. Hospitali kubwa itakuwa na wengi kwa haki, kwa kuwa walioshindikana pengine huletwa kwake. Lakini mama mwenye bima, aliye mjini, mzima wa afya, hupasuliwa kwa wepesi ambao mwenzake wa mlimani hawezi kuuota. Na yule wa mlimani aliyekwama saa ishirini huenda asikione kisu mpaka mtoto amekwisha.

Kwa nini? Tusiwasingizie madaktari wote tamaa. Sababu ni nyingi. Mojawapo ni fedha: bima ya NHIF, iliyokuwapo mpaka ilipochukuliwa mahali pake na mamlaka ya SHA tarehe 1 Oktoba 2024, ilikuwa ikilipa shilingi 10,000 kwa uzazi wa kawaida na 30,000 kwa upasuaji. Si lazima mtu awe mwovu ndipo hesabu hiyo imvute. Sababu nyingine ni muda: uzazi wa kawaida humtaka mkunga akae usiku kucha, na upasuaji huchukua saa moja. Nyingine ni hofu: daktari hashitakiwi kwa kupasua, hushitakiwa kwa kungoja. Nyingine ni ujuzi unaopotea: kumvuta mtoto kwa kikombe, au kumpokea anayetanguliza makalio, ni kazi za mikono ambazo vijana wachache hufundishwa sasa. Na nyingine ni mgomo. Madaktari wa umma walipogoma siku 100 kutoka Desemba 2016 mpaka Machi 2017, na wauguzi wakafuata mwaka huo huo kwa miezi mitano, mama asiye na kitu alifukuziwa mlango wa misheni au wa mtu binafsi, na alichofanyiwa kilitegemea alichokuwa nacho mfukoni.

Kisu kisicho na sababu nacho kina gharama yake. Kovu hubaki katika tumbo la uzazi. Mimba ijayo yaweza kukaa juu ya kovu, kondo la nyuma likashika lisitoke, na damu ikamwagika bila ya kifani. Kwa watu wetu, wapendao watoto watano au sita, kovu la kwanza si jambo la mzaha. Mama aliyepasuliwa Kitale mwaka huu, akaja kupata uchungu miaka mitatu baadaye katika kijiji kisicho na chumba cha upasuaji, amebeba hatari ambayo wa kwanza hakumwambia.

DAMU HAINA MLANGO

Lipo jambo moja, hata hivyo, ambalo halitakiwi kutofautiana kamwe baina ya mlango na mlango: damu baada ya mtoto kutoka. Hiyo ndiyo iuayo wazazi wetu kwa wingi, na huua kwa saa chache. Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 ilikisia vifo vya wazazi 355 kwa kila watoto 100,000 wazaliwao hai.

Mwaka 2023 yalitangazwa matokeo ya jaribio lililofanywa katika hospitali za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, likihusu wanawake zaidi ya 200,000. Jambo lililojaribiwa halikuwa mashine ya ajabu. Ilikuwa ni mfuko wa plastiki wenye alama za kupimia, unaowekwa chini ya mama ili damu ionekane ni kiasi gani, badala ya kukisiwa kwa jicho. Ikifika alama, mambo yote hufanywa kwa pamoja: tumbo husuguliwa, sindano za kukaza mji wa mimba na za kugandisha damu hutolewa, dripu hutiwa, na mama huchunguzwa chanzo. Madhara makubwa ya kutokwa na damu yalipungua kwa 60 katika kila 100. Hiyo ndiyo kazi ya mkono wa mganga tunayoitaka, na yaweza kufanywa Kitale, Bungoma, Lamu, na hata Kizingitini.

SWALI LA KUULIZA MLANGONI

Je, tufanyeje sisi tusio waganga? La kwanza, tuuulize mlango kabla ya uchungu. Mimba ikifika miezi saba, mume na mke waende waulize: chumba cha upasuaji kipo? Damu ipo? Usiku yuko nani? Kama hapana, gari la kutupeleka mbele litatoka wapi? Mtu huuliza zaidi ya hayo anaponunua mbuzi.

La pili, mganga akitaka kufanya jambo, aulizwe kwa heshima: sababu yake nini, na tukingoja itakuwaje? Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 imempa mgonjwa haki ya kuelezwa na haki ya kukubali. Mganga mwema hachukii swali. Na jibu likiwa "mtoto amechoka, moyo wake umeshuka", basi ikubaliwe papo hapo, bila ya kuitisha kikao cha ukoo.

La tatu ni letu hasa. Mkubali kwa sheria ni mama mwenyewe, akiwa mtu mzima na ana fahamu zake. Wako wanaume wetu wanaotaka wangojewe wao ndipo saini itiwe, na mwenyewe yuko njiani Malaba na lori, simu imezimika. Wako wanaomzuia mke asitazamwe na daktari mwanamume, hali hapana mwanamke zamu hiyo. Sitara ni jambo tukufu, na tuwasomeshe binti zetu ukunga na udaktari ili ipatikane. Lakini masheikh wetu wametufunza tangu chuoni kwamba dharura ina hukumu yake. Dini yetu imempa daraja ya shahidi mwanamke afaye kwa uzazi. Daraja hiyo ni rehema kwake. Si ruhusa kwetu ya kuzembea.

La nne, mzazi asiachwe peke yake. Mama yake, dada yake au somo yake akae naye. Mahali palipo na shahidi, makofi hupungua, na dripu hutazamwa.

Hayo hayamalizi wajibu wa serikali za kaunti. Wauguzi waajiriwe, damu ikusanywe, na kila hospitali, ya umma na ya mtu binafsi, ibandike ukutani hesabu yake ya kila mwezi: wangapi walizaa, wangapi walipasuliwa, kwa sababu gani, na wangapi hawakurudi nyumbani. Duka huandika bei zake mlangoni. Nyumba inayopokea roho mbili kwa mara moja haina udhuru.

Mama aliyetazamwa vyema, akaelezwa, akakubali, kisha akapasuliwa kwa haja, huyo amejifungua, ingawa mkono ulioshika kisu haukuwa wake. Na aliyezaa bila ya kukatwa hata uzi, lakini sakafuni, peke yake, kwa dawa aliyotiwa ikasahauliwa, huyo hakujifungua, alifanyiwa. Lugha yetu ilikwisha kutuwekea tofauti hiyo kabla ya hospitali kujengwa. Iliyobaki ni kazi ya wenye milango.